Jiko Chini ya Piano

Juzi nilikuwa napiga pasi nyumbani Mukendo, simu ya binti yangu ikatoa wimbo wa piano, nikaunguza kola ya shati. Zilikuwa sauti zilezile za utotoni mwangu, zinazogombana.

Mama mdogo alikuwa mwalimu wa kwaya Kibara. Mchana, kanisa likiwa tupu na harufu ya dagaa wanaokauka ikiingia madirishani, alijifunza wimbo huo kwenye piano ya parokia. Alisema amebakiza ukurasa wa mwisho tu. Mimi, kwa utoto wangu, nikisikia sauti zinagombana nilidhani piano inaumwa. Nyumbani, ngoma ya babu ikipoteza sauti, tuliisogezaga motoni ngozi ikaze, ikapona.

Basi siku moja alipokwenda kuteka maji ziwani, nilisukuma jiko la mkaa chini ya piano, nikakaa nikipepea. Mbao zikalia, paa!

Alirudi mbio, akalivuta jiko, akabonyeza hapa na pale. Piano ikajibu kama debe.

“Ulikuwa unafanya nini, mama?” aliniuliza polepole.

“Naitibu. Inaimbaga vibaya.”

“Haikuwa inaumwa, mwanangu. Wimbo ndivyo ulivyo.”

Hakunichapa. Alikunja karatasi zake, na hakupiga piano tena mpaka tulipomzika.

Muziki wa namna hiyo nimeupenda maisha yangu yote, lakini wimbo ule sikuwahi kuusikia mpaka mwisho. Juzi nimeusikia. Mwishoni ugomvi unaisha, sauti zinalala moja baada ya nyingine, kama watoto walioshiba. Huo ndio ukurasa ambao mama mdogo hakuufikia.