Akiingia Humu, Nani Atanyamaza?

Usiku ule nililala na kanda ya sauti ya marehemu babu yangu chini ya mto, nimeilalia kama kuku aliyelalia yai, kwa sababu mdogo wangu Zaituni alikuwa kitanda cha pili na nilijua akiamka kabla yangu ataichukua.

Wala si kwa wizi. Nilikuwa nimekwisha kumpa nusu ya ruhusa. Zaituni anauza simu Tanga mjini, na hakuna kitu kipya kinachoingia mkoa huu bila kupita mikononi mwake, kama watoto wanavyopita kwa mkunga. Jioni ile alikuja kwetu Muheza na kishikwambi chembamba kama chapati ya mtu bahili, akakiegemeza kwenye chupa ya chai, akabonyeza. Ikatokea picha ya babu, ile ya kitambulisho. Kisha ile picha ikapepesa macho.

Niliruka. Ningekuwa na mbawa mngenikuta Zanzibar.

"Tulia, dada," Zaituni alisema. "Huyo bado bubu. Nipe ile kanda yenye sauti yake, kesho jioni anaongea. Jumamosi tunamweka ukumbini kwenye skrini kubwa, anampa Rehema wosia mwenyewe. Watu watalia mpaka pilau ipate mchuzi."

"Na mimi?"

"Wewe unakaa, unakula. Si ulisema unaogopa?"

Ni kweli nilisema. Rehema ni binti wa kaka yetu aliyetangulia, na kwetu bibi harusi haondoki bila mkubwa wa nyumba kusimama mbele ya ndugu wa pande zote mbili na kumpa wosia. Kazi hiyo aliishika babu kwa ajili yetu sote. Alipofariki ikanidondokea mimi, shangazi mtu, na hii ndiyo mara ya kwanza. Upande wa bwana harusi wamesoma mpaka paka wao anasoma. Mimi cheti changu cha kidato cha nne nimekipata kwa masomo ya jioni, katika darasa ambalo mwalimu wa hesabu alikuwa akiniamkia shikamoo kabla ya kunikosoa. Nikamwambia Zaituni, "Tutaona asubuhi." Naye alipokwenda kuoga, nikaitoa kanda kwenye droo ya cherehani nikaenda nayo kitandani.

Sasa lazima niseme babu alikuwa nani, la sivyo ndoto haitaeleweka.

Alikuwa fundi cherehani, na nikisema fundi namaanisha fundi. Alikuwa akikutazama unapita njia ya pili anajua kiuno chako. Barazani kwake ndiko kulikokuwa na mila moja ambayo sijaiona kwingine, na mimi nimetembea, nimefika hadi Segera. Kwetu chombo kipya hakiingii ndani ya nyumba. Kinaposa. Kinawekwa barazani juu ya kigoda, aliyekileta anakuwa mshenga wake, na babu, pini zikiwa zimebanwa kwenye midomo, anakihoji kama anavyohojiwa kijana aliyekuja kuomba binti.

Anatoka kwa nani? Anakula nini? Na akiingia humu, nani atanyamaza?

Hilo swali la mwisho ndilo lililoangusha wengi. Redio ilipoletwa, mshenga alikuwa baba, na baba hakujua kusema uongo: akajibu kwamba atakayenyamaza ni mama, yaani bibi yetu, maana alikuwa akitwanga huku akiimba. Redio ikakubaliwa kwa sharti kwamba bibi akianza kuimba, inazimwa, hata kama ni taarifa ya habari. Kuna vita vya mbali ambavyo mpaka leo sisi hatujui viliishaje. Televisheni haikupita kabisa. Ilikaa pale barazani, nusu ya Muheza ikaja kuitazamia hapohapo, ikanyeshewa, ikafa, na babu akaizika nyuma ya nyumba kwa heshima zote. Simu ya mkononi ilipita, lakini wakati wa kula inalazwa kwenye kikapu cha vitunguu. Ukipigiwa na mtu wa ukoo wetu utahisi harufu.

Wajanja wa mtaani walimcheka. Mimi kadiri ninavyokua naona alikuwa mbele ya wakati. Siku hizi kuna saa ya mkononi inamwambia mtu mzima kwamba hakulala vizuri, kana kwamba yeye mwenyewe hakuwepo. Kuna harusi nimekwenda, wageni wote wameinua simu juu, hakukubaki mkono wa kupiga makofi; maharusi wakacheza kimya kama wanaoswali. Kuna tamthilia zinazungumza Kiswahili ambacho midomo ya wachezaji haikijui, na jirani yangu anazililia kuliko alivyomlilia mumewe. Vyote hivyo ningevihoji bila kigugumizi.

Lakini hiki cha Zaituni kilikuja kimevaa uso wa babu mwenyewe. Mtu utamhojije babu yako?

Nikalala na swali hilo.

Nikajikuta barazani. Ni mchana, mchana ule mweupe wa baada ya mvua, na cherehani inalia. Babu amenipa mgongo, futi ya kupimia inaning'inia shingoni, miguu yake inakanyaga bila haraka. Sikushtuka. Nilisogea tu, polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha ndege.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mke mdogo."

Ndivyo alivyokuwa akiniita, kwa utani wa babu na mjukuu, maana mke mkubwa alikuwa bibi. Na sauti ilitoka vilevile, upande mmoja wa mdomo, ikijipenyeza kati ya pini. Sikumbuki babu akiongea mdomo mtupu.

Anashona kitambaa cheupe, kirefu, kinashuka barazani, kinavuka uwanja, sioni kinapoishia. Nikautazama uzi. Ni wa kahawia, unang'aa. Ni utepe wa ile kanda. Unatoka chini ya mto wangu, unapita mlangoni, unapanda kwenye sindano, na kila sindano inaposhuka nasikia neno moja la babu likiingia kwenye kitambaa na kunyamaza.

"Babu, utaisha."

Anakanyaga.

Nikaufuata ule uzi kwa mkono ili niuzuie, na uzi ukanipeleka kwenye darasa letu la jioni. Madawati yaleyale ya watoto, magoti yangu yamebanwa chini yake. Ubaoni kuna hesabu ambayo nimeikosea. Babu amekaa nje kwenye ngazi na tochi yake, kama alivyokuwa akikaa kila jioni nilipokuwa nasoma, akinisubiri anirudishe nyumbani. Watu wanapita, wanamuuliza unamngoja nani, mzee? Naye anawajibu yaleyale aliyokuwa akiwajibu enzi zile.

"Namngoja mke wangu. Yuko chuo kikuu."

Kutia chumvi nimerithi, msinilaumu.

Nacheka, na ninapocheka dawati linakuwa kiti chenye kitambaa cha satini, na ubao unakuwa skrini. Tuko ukumbini. Rehema ameketi mbele, mikono imejaa hina. Ndugu wa bwana harusi wamejaa upande wa pili, wametulia, miwani inang'aa. Zaituni amesimama kando ya skrini, amevaa kanzu na kofia ya mshenga, na hakuna anayemshangaa.

Kwenye skrini yupo babu. Mkubwa, uso umejaa ukuta. Amenyolewa vizuri kuliko alivyowahi kunyolewa duniani.

Na babu mwingine, wangu, wa barazani, anaingia kwa mlango wa nyuma na kigoda mkononi. Anakiweka chini mbele ya skrini. Anakaa. Anainua macho kumtazama yule mkubwa, kichwa kimeelekea upande, kama alivyokuwa akiwatazama wateja wanaosema kiuno hakijaongezeka.

Yule wa ukutani akaanza. "Kitukuu changu mpendwa Rehema, ndoa ni safari nzuri inayohitaji upendo, uvumilivu na mawasiliano."

Sauti ilikuwa yake. Wallahi ilikuwa yake, kila pembe. Ukumbi ukaguna kwa raha, na mimi machozi yakanitoka, nisiwe mwongo.

Babu akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, taratibu, "Huyu hana pini."

Akamgeukia Zaituni, mshenga.

"Anatoka kwa nani?"

"Kwetu," Zaituni akajibu. "Kwa dada. Kwenye kanda."

"Anakula nini?"

"Umeme, babu. Na bando."

Babu akatikisa kichwa, hakuonekana kuudhika. Akavuta kigoda karibu zaidi na kumwelekea yule wa ukutani mwenyewe, mkubwa kwa mkubwa.

"Bwana, ukiingia humu, nani atanyamaza?"

Yule wa ukutani akatabasamu. "Hakuna atakayenyamaza. Mimi nipo kwa ajili yenu nyote."

Nikataka kusema. Nikataka kusimama nimwambie babu kwamba jibu lile si kweli, kwamba mtu yupo, na namjua. Nikajaribu kufungua mdomo, haufunguki. Umejaa pini. Nazisikia kwenye ulimi, baridi, zimepangana, na ukumbi mzima unanitazama, na Rehema amegeuka ananitazama, ananisubiri mimi, si ukuta. Ananisubiri kama alivyokuwa akinisubiri utotoni nimsuke. Na mimi siwezi.

Babu akainuka kwenye kigoda. Akaja. Vidole vyake vilinuka mafuta ya cherehani. Akaanza kuzitoa zile pini, moja baada ya nyingine, bila kunichoma, akizichomeka kwenye ukosi wa shati lake pale alipokuwa akizichomeka siku zote. Alizitoa zote. Na mara ya kwanza maishani nikamwona babu na mdomo mtupu, na alipoongea sauti yake haikupita pembeni. Ilikuja moja kwa moja.

"Hizi pini zangu, mke mdogo. Zako sijaziona."

Akanipima. Akaivua futi shingoni, akanipima bega kwa bega, kama alivyonipima nguo ya siku ya kuchukua cheti, akaitazama futi na kutabasamu kwa majivuno, kana kwamba nimeongezeka.

"Mwambie Rehema nimekuja. Mwambie kwa mdomo wako."

Kisha anaondoka, na kile kitambaa cheupe kinamfuata, na sasa naona ni kitambaa gani. Ni shela. Maneno yote yamo humo, yameshonwa, hayana haja ya kusema tena.

Nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Mkono wangu ulikuwa umeshika kanda, nzima, utepe wote ndani. Nikajigusa midomo. Hakuna kitu.

Zaituni alikuwa ameketi kitandani kwake, macho yamemvimba, mkono tayari umenyoshwa. "Haya, dada. Lete tuanze."

"Lete kigoda," nikamwambia.

"Kigoda cha nini?"

"Huyo mgeni wako ameingia ndani tangu jana bila kuposa. Mtoe nje, akae barazani."

Alinitazama kama anayetafuta wapi pa kupiga simu ya dharura. Lakini Zaituni naye ni mjukuu wa babu. Akajifunga kanga, akatoa kigoda, akakiweka kishikwambi juu yake, akakaa kando yake kishenga kabisa, miguu imekunjwa. Babu wa kwenye kioo akapepesa macho kwa jua.

"Anatoka kwa nani najua," nikasema. "Anakula nini najua. Jibu moja tu. Jumamosi akiingia ukumbini, nani atanyamaza?"

Akafungua mdomo kwa haraka ya muuzaji. Akaufunga. Akaangalia kishikwambi, akaniangalia mimi, akaangalia tena cherehani ya babu iliyofunikwa pale ndani ya mlango.

"Wewe, dada," alisema.

"Basi."

"Lakini wale wa upande wa pili, dada. Wamesoma wale. Ukikosea watatucheka."

"Wamesoma, ndiyo. Na mimi nimesindikizwa na babu mpaka chuo kikuu."

Zaituni akacheka, na akicheka hivyo anafanana na babu kuliko kile kishikwambi kitakavyowahi kufanana. Akakifunga. "Nikifanyie nini sasa?"

"Kije harusini, kipige picha. Kisiongee."

Nikaingia ndani, nikairudisha kanda kwenye droo ya cherehani. Nikatoka, nikasimama barazani pale babu alipokuwa akisimama, mdomo mtupu, nikaanza kuufanyia mazoezi wosia wa Rehema.

"Rehema, mwanangu," nilisema, "babu yako mkubwa amekuja."

Na bila kutia chumvi hata chembe, nilisikika Segera.