Mpira Uliopakwa Mise

Watu wa Mwanga wenye magari mabovu walikuwa na adabu moja. Kabla ya kufunguliwa chochote, Fundi Amosi Ndayikunda aliachwa kwanza asikilize. Aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini inayounguruma, akaegemeza sikio kwenye mpini wake wa mbao, akafumba macho. Wenye maneno yao walinyamaza. Akiinuka alikuwa keshajua, na mara chache sana alikosea.

Kisha masikio yakaanza kumwacha. Hayakuondoka kwa kishindo. Walitangulia ndege wa alfajiri, zikafuata sauti za watoto, ikafuata simu. Mkewe, Merina, ndiye aliyegundua. Aliacha tu kumwita kutoka jikoni. Alitoka na mwiko mkononi, akazunguka mpaka mbele ya uso wake, ndipo akamwambia chakula tayari. Amosi akaelewa kwamba mkewe ameelewa, wakaliacha hapo.

Gereji hakumwambia mtu. Aliinama na bisibisi yake vilevile na kufumba macho vilevile, ila sasa aliyoyapata yalimjia kwa viganja, na kwa mazoea ya miaka. Yalimtosha, mpaka lilipokuja gari la Mzee Mwinshehe.

Mzee Mwinshehe wa Ujiji alikuwa na Korola ya zamani, ya kabureta, ambayo wajukuu walikatazwa hata kuiegemea. Kila Ijumaa iliogeshwa kabla mwenyewe hajaoga. Asubuhi, ikiwa baridi, haikuwa na neno. Ikishapata moto, kila aliposimama injini ilipanda na kushuka, ikatetemeka, ikazimika. Amosi alifungua plagi akazikuta nyeupe kama zimepakwa chokaa. Akavuta choki kuongeza petroli, injini ikatulia. Hapo ugonjwa ukajitaja wenyewe: ndani mlikuwa na hewa nyingi, petroli kidogo. Akasafisha kabureta, akarekebisha skrubu ya mchanganyiko, mzee akaenda zake akishukuru. Baada ya siku chache akarudi. Amosi akaikagua pampu na mirija yake yote. Mzee akaenda, akarudi tena.

Sasa ilibaki njia moja. Hewa ilikuwa inaingia kwa wizi mahali fulani, baada ya kabureta, na hewa ya wizi hutoa sauti. Zamani Amosi angeinasa kabla mwenye gari hajashuka. Alijua pia kwamba hili likimshinda, hatakuwa na la kujidanganya nalo tena. Itakuwa kazi yenyewe ndiyo imemshinda.

Akaweka bisibisi, akainama, akafumba macho. Alipoyafumbua, Mzee Mwinshehe alikuwa amesimama mbele yake, midomo imeshasema na inangoja jibu. Amosi akaitikia kwa kichwa.

Mzee akacheka. "Nimekuuliza kama umeoa mke wa pili, Fundi, nawe unakubali."

Amosi aliifuta bisibisi kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Sisikii, Mzee wangu," alisema. "Injini hii inavuta hewa mahali. Najua inavuta. Ila siisikii."

Alitegemea mzee atadai ufunguo wake. Mzee alivua kofia, akaitundika kwenye kioo cha pembeni, akakunja mikono ya kanzu. "Mficha maradhi, Fundi," alisema, na hiyo methali hakuimalizia. "Mimi nasikia, ila sijui ninachokisikia. Nielekeze."

Amosi akakata kipande cha mpira wa maji, ncha moja akaitia kwenye sikio la mzee, nyingine akaanza kuitembeza juu ya injini, polepole, akiutazama mdomo wa mwenzake.

"Hapa pana fundi cherehani," alisema Mzee Mwinshehe.

Hizo ni vali, akaambiwa, ziko sawa. Wakasogea. Hapa pana mtu anatwanga, akasema mzee, napo pakaachwa. Walipofika nyuma, chini ya mpira mnene unaotoka kwenye injini kwenda kusaidia breki, mzee akakunja uso.

"Hapa pana mtu anakunywa chai ya moto."

"Anaipuliza au anaivuta?"

"Anaivuta. Hana adabu."

Amosi alikoroga sabuni kwenye kopo, akalipaka povu pale mpira ulipoungana na injini. Mapovu yakamezwa yote. Akapaka tena, zito zaidi, na chini ya kiganja chake cha kushoto akaisikia injini ikiacha kutetemeka.

"Kaacha kunywa," alisema mzee.

Mpira ulipotolewa ulikuwa umevimba, laini kama ndizi iliyopikwa ikapitiliza, na unang'aa. Amosi aliunusa. Ilikuwa mise, mafuta ya kokwa za michikichi, yale wanayopakwa watoto wachanga. Akamtazama mzee, na mzee akajibu kwa fahari kabisa kwamba huipaka mipira yote ya gari kila Ijumaa.

"Ilikuwa inapauka. Mama yetu hakutuacha tupauke."

Ilibidi Amosi amweleze, taratibu, kwamba ngozi ya mtoto huipenda mise, lakini mpira wa namna ile huinywa, ukavimba na kulegea. Ukipoa unabana, ukipata moto unaachia. Mzee aliuminya ule mpira kwa vidole.

"Kwa hiyo ni mimi niliyekuwa naliua gari langu."

"Ulikuwa unalipenda, Mzee. Mapenzi yamelilemea."

Wakafunga mpira mpya na kuukaza kwa klampu, mingine wakaifuta kwa maji ya sabuni. Amosi alirudisha skrubu ya kabureta mahali pake, akaiacha injini mpaka ikapata moto vizuri. Akavuta choki. Safari hii injini ilikohoa kwa kushiba petroli, kama inavyopasa injini nzima. Akairudisha, na injini ikatulia.

Jioni Merina alitoka jikoni na mwiko wake, akazunguka. Kabla hajafungua kinywa, Amosi alisema amemwambia mtu habari ya masikio.

"Nani?"

"Mzee Mwinshehe."

"Basi Ujiji nzima wanajua," alisema Merina, akaketi palepale mbele ya uso wake.

Na kweli walijua. Kesho yake wateja walizunguka mbele ya fundi ndipo wakamwamkia, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Mzee Mwinshehe alikuwa keshafika na kigoda chake, kipande cha mpira kimening'inia shingoni, akiwaomba watu wanyamaze.