PCOS na koo mbili zilizomgombea mtoto ambaye sijawahi kumbeba

Wakuu, habari za humu ndani. Wakubwa shikamooni, vijana nimewaona.

Naanza na jambo nililolikana karibu miaka ishirini: nilikuwa nataka mtoto.

Nilimtaka sana. Ila ungeniuliza enzi hizo, ungepata hotuba kuhusu kazi, uhuru na idadi ya watu duniani. Niliwahi hata kuandika makala kuhusu haki ya mwanamke kutozaa. Ilisifiwa. Niliiandika nikiwa nimetoka kulia bafuni.

Haya ninayoandika yamenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi. Palipo na kichekesho, amini hata mimi sikukiagiza.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mikumi, na pembeni naandika makala. Nina miaka arobaini na kitu. Hicho kitu tuachane nacho.

Tangu nikiwa chuo, hedhi yangu ilikuwa inakuja inapojisikia. Inapotea miezi mitatu, minne, kisha inarudi bila hodi. Kidevuni nilikuwa na nywele chache ngumu nilizozing'oa kwa kibanio kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani. Tumbo nalo lilikuwa linanitangulia mlangoni.

Yote hayo niliyapa jina moja: stress. Msomi haumwi, wakuu. Msomi ana stress.

Sasa niwaeleze kuhusu kwetu, maana bila hili hamtaelewa.

Kwetu ni Kisanga, sisi ni Wasagara, na ukoo wetu unafuata mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye sauti ya mwisho ni mjomba. Mama yangu alizaa wavulana na msichana mmoja, ambaye ndiye mimi. Kaka zangu wamezaa vizuri tu, lakini watoto wao wamekwenda kwenye koo za mama zao. Kwa hiyo nyumba nzima ya mama yangu ilikuwa inasubiri tumbo langu.

Na mimi nikaenda kuolewa na Mhehe wa Iringa. Kwao mtoto ni wa baba, hakuna mjadala.

Miaka kadhaa iliyopita mama alikuja kukaa kwangu akitibiwa macho. Macho yale yale mabovu yakaona kwamba mwezi wa kwanza umepita, wa pili umepita, na mimi sijaingia kwenye siku zangu. Nikatapika mara mbili kwa sababu ya dawa za malaria.

Mama hakuniuliza kitu. Alimpigia simu mjomba.

Mjomba akampigia baba mkwe.

Wiki haikuisha, kukawa na kikao sebuleni kwangu. Mjomba alishuka kutoka Kisanga na koti lake la Pasaka. Baba mkwe alifika kwa basi la Iringa, ana kikapu cha viazi. Mume wangu akaketi katikati kama refa asiye na filimbi.

Mjomba akafungua: "Mkwe, tunakushukuru kwa kijana wako. Ametusaidia. Ila mtoto ni wetu."

Baba mkwe akaweka soda chini. "Ametusaidia? Kwani kijana wangu kibarua?"

"Kibarua huwa hapewi mke. Huyu tumempa na mke."

"Na mtoto ataitwa nani? Jina la ukoo wenu nisilojua hata kulitamka?"

"Utajifunza. Mbona viazi vyenu tumejifunza kula?"

Mume wangu akakohoa. Hakuna aliyemtazama.

"Tuseme Mungu amemchukua, apishie mbali," baba mkwe akasema, "anazikwa wapi?"

"Kisanga."

"Iringa!"

Hebu fikirieni, mtoto hajazaliwa, tayari ana makaburi mawili.

Mimi nilikuwa nimesimama na sinia la mihogo. Nilitakiwa kusema kwamba sijapima. Kipimo cha mkojo kipo kila duka la dawa, lakini mtu anayetangaza hataki mtoto anakinunuaje, Mikumi hii ambako muuza dawa ni mzazi wa mwanafunzi wako?

Niliweka sinia chini. Nilikaa nikawasikiliza. Walivyozidi kumgombea, ndivyo nilivyozidi kumuona. Alikuwa na paji la uso la mume wangu. Usiku ule nililala nimeshika tumbo.

Asubuhi yake tukaenda Morogoro, hospitali. Daktari, dada mdogo kuliko wanafunzi wangu wa zamani, akapitisha ile mashine tumboni na kunigeuzia kioo. Hakukuwa na mtoto. Kulikuwa na vifuko vidogo vingi vimejipanga pembeni mwa ovari. Akanieleza taratibu: mayai yanaanza kukomaa halafu yanaishia njiani, homoni hazijakaa sawa, ndiyo sababu ya hedhi kupotea, ndiyo sababu ya nywele za kidevuni. Inaitwa PCOS.

"Una hamu ya kupata mtoto, mama?" akauliza.

Nikafungua mdomo nitoe ile hotuba. Nikatoa kilio. Mume wangu, ambaye kwa miaka yote alikuwa ananiunga mkono kwamba hatutaki, akalia pia. Kumbe tulikuwa tunadanganyana kwa adabu.

Tuliporudi na taarifa kwamba mimba haipo, mjomba alitafakari, kisha akasema: "Basi kesi imeahirishwa."

Hakusema imefutwa. Ikawa kila baada ya muda baba mkwe anampigia mjomba, au mjomba anampigia baba mkwe, kuulizia mtoto na kubishana upya. Mimi nilikuwa nasikia matokeo kupitia kwa mama.

Tukaanza matibabu. Kwanza kupunguza uzito. Daktari akasema nipunguze ugali na nitembee kila asubuhi. Nikamuuliza kama anafahamu ni nani wengine wanaotembea asubuhi huku Mikumi, wenye mkonga. Akacheka. Nikawa nazunguka uwanja wa shule, wanafunzi wananihesabia raundi kutoka dirishani.

Uzito ulishuka kidogo, hedhi ikaanza kukumbuka njia. Kisha zikaja dawa za kukomaza mayai, na ratiba ya siku za kukutana na mume.

Hapo ndipo nilipochoka, wakuu.

Mume wangu analima miwa Ruhembe. Wanaojua miwa wanajua: shamba likishachomwa, muwa hausubiri, ukatwe na usombwe haraka, la sivyo unaharibika. Yai nalo halisubiri. Na vitu hivi viwili vilikuwa na tabia ya kuangukia siku moja.

Nilikuwa natoka kazini, napanda bodaboda hadi Ruhembe, namkuta kwenye chumba alichopanga, mweusi kwa masizi, macho mekundu, anasinzia ameketi. Mimi nina chaki kwenye nywele. Tunatazamana kama askari wawili wa zamu.

"Leo ndiyo leo?" ananiuliza.

"Ndiyo leo."

"Haya, nioge kwanza."

Kuna siku hakufika bafuni, alilala na ndoo mkononi. Nilimvua viatu, nikakaa pembeni yake nikisahihisha madaftari. Sijawahi kumpenda kama siku ile, na hakuna kilichofanyika.

Mizunguko ikapita. Kila mwisho wa mzunguko, siku za kusubiri, nikihisi hata mbu kaniuma ziwa naona ni dalili. Kisha damu. Kisha mama: "Vipi?" Kisha mjomba na baba mkwe hewani.

Mwishowe tukakubaliana na mwenzangu: mzunguko mmoja wa mwisho, ukikataa tunaacha. Daktari alitaka tuendelee, na ana haki yake. Wenzangu wa kwenye benchi la kliniki, wenye tatizo hili hili, wamepata watoto. Mmoja kanitumia picha za pacha. Kwa hiyo wewe dada unayesoma hapa, usifanye habari yangu kuwa hukumu yako. Nenda mapema. Hedhi inayopotea siyo stress, na umri ulionao leo ni mtaji nilioupoteza nikiandika makala.

Jingine nililojifunza: unachokitaka, kitamke. Sina hakika kingekuja, lakini ningekitafuta nikiwa na nguvu.

Wenye maswali ulizeni hapo chini, nitajibu hata ya aibu. Mnaopitia haya semeni, tukae pamoja. Wenye mizizi ya kufungua kizazi, naombeni mpumzike kwanza. Nimeshakunywa.

Nimalizie.

Mzunguko ule wa mwisho, hedhi yangu, ambayo maisha yake yote haijawahi kuwahi popote, ilifika siku ile ile daktari aliyoitaja. Ilikuwa saa ya chai, walimu wanakula maandazi. Nilirudi nyumbani. Mume wangu alikuwepo. Aliniona usoni, akajua, akaenda kuzima redio.

Nikachukua simu, nikampigia mjomba mwenyewe. Sikutaka apate habari kwa mama.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Habari ya huko?"

"Mjomba, futa ile kesi. Mtoto hayupo. Na hatutatafuta tena."

Nikasikia kuku wake kwa nyuma, na mtu anatwanga. Nikajiandaa kusikia habari za ukoo, za mama yangu, za nyumba inayofungwa.

"Umechoka?" akauliza.

Kwa miaka yote ile, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

"Nimechoka, mjomba."

"Basi pumzika." Akavuta pumzi. "Na huyo mkweo wa Iringa usimpigie. Nitamwambia mimi."