Mita Kumi na Sita

Asubuhi moja shuleni kwetu, wanafunzi kumi na mmoja kati ya kumi na wawili walikimbia haraka kuliko walivyowahi kukimbia maishani mwao.

Wa kumi na mbili alianguka.

Kati ya hao kumi na mmoja alikuwemo kijana mnene tuliyemwita Bosi, ambaye alijiunga na mazoezi ili kukwepa kipindi cha hesabu. Hata yeye alipunguza sekunde tano katika mita mia nane. Alipoambiwa muda wake, aliitazama miguu yake, akauliza kama ni ileile aliyokuja nayo.

Nilicheka na wenzangu. Laiti ningejua.

Mimi ni mtunza uwanja wa shule ya sekondari ya serikali. Nakata nyasi, nachora mistari kwa chokaa, napima. Kazi hii sikuisomea, nilijifunza mwenyewe, na kila ninachopima nakiandika kwenye daftari.

Aliyetia fora siku ile alikuwa mpwa wangu, binti wa dada yangu. Wenzake walimwita Sindano kwa wembamba wake. Mwezi wa kwanza alikimbia mita mia nane kwa dakika mbili na sekunde kumi na mbili. Siku ile saa ilisoma dakika mbili na sekunde nane.

Mwalimu wa michezo alisema ni matunda ya mazoezi yake mapya. Mkuu wa shule alisema ni nidhamu. Kila mtu alijikatia kipande chake cha sifa.

Sasa sikilizeni.

Sindano alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi. Siku ya kuripoti ilikuwa ileile ya mchujo wa riadha, ambapo watatu wa kwanza wangechukuliwa na kituo cha michezo, wasome na kufanya mazoezi hukohuko. Asiyeripoti chuoni, nafasi yake anapewa mwingine.

Dada yangu alikuja mpaka stoo kwangu, akakaa juu ya gunia la chokaa.

"Kaka, mimi hizo namba zenu sizijui," alisema. "Wewe ndiye unayezijua. Nimpeleke chuo au akimbie?"

Nikafungua daftari, nikamwonyesha ile nane.

"Akimbie," nikasema.

Hakuuliza mara mbili. Alijipangusa chokaa kwenye gauni, akaenda zake.

Wiki sita zikapita. Sindano alizoea mwendo mpya, mzunguko wa kwanza kwa sekunde sitini na nne, bila kuangalia saa. Ungeweza kuivua saa yako ukamtumia yeye.

Siku tatu kabla ya mchujo nilikuwa napima mchanga wa kurukia. Mwanafunzi alinisomea futikamba: mita sita na nusu. Nikaandika nne na nusu, kama kawaida yangu.

Mkono ukasimama hapohapo.

Ngoja niwaeleze. Miaka mitatu nyuma, mashine ya kukatia nyasi ilikula mita mbili za mwanzo za futikamba ile. Mpya tuliomba, hatukupewa. Nikashona pete yake ya kushikia kwenye alama ya mita mbili, na tangu hapo kila nikisoma namba naondoa mbili. Nilishazoea, wala sifikirii.

Lakini wakati wa likizo mafundi wa bomba walikuwa wamechimba uwanja wetu na kuuacha kama shamba. Waliposawazisha, nikaupima mzunguko wote upya. Mita mia nne, futikamba ya hamsini, mara nane.

Unapovuta futikamba mpaka mwisho, husomi namba. Unapigilia kigingi, unasogea mbele. Na kama husomi namba, huondoi mbili. Mara zote nane, nilipodhani nimepima hamsini, nilikuwa nimepima arobaini na nane.

Uwanja ulipungua mita kumi na sita.

Nilikwenda ofisini kwa mwalimu wa michezo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kufunga mlango. Majina na muda wa wanafunzi vilishatumwa, akasema. Nikifungua mdomo, shule nzima itafutwa kwenye mchujo, na wa kwanza kufutwa ni Sindano.

"Na yeye je, nimwambie?" nikauliza.

"Unataka kumvunja moyo siku tatu kabla? Nyamaza. Mwache akimbie na imani yake."

Nilitoka pale nikiona ana hoja. Mimi ni mtu wa kufikiri polepole, na siku tatu zilikuwa chache kwangu.

Siku ya mchujo nilikwenda nao, mimi ndiye niliyebeba maji na viatu. Uwanja wa watu, mistari myeupe imenyooka, kila kitu kimepimwa na wanaojua. Sindano alikuwa anafunga kamba za viatu. Akaniangalia kutoka chini.

"Mjomba, sitini na nne, au siyo? Kama kwetu."

Nafasi yangu ilikuwa ile. Neno moja tu, "punguza", lingetosha.

Nikatikisa kichwa kukubali.

Filimbi ikalia. Mzunguko wa kwanza alifika kwa sekunde sitini na nne kamili, mbele ya wote, watu wakampigia makofi. Mimi peke yangu nilijua kwamba sitini na nne ya pale haikuwa sitini na nne ya kwetu. Mwendo ule hajawahi kuukimbia tangu azaliwe.

Aliongoza mpaka zikabaki kama mita thelathini hivi. Kisha miguu ikamwambia tumeshafika.

Mstari ulikuwa bado uko mbele. Niliona uso wake akiutafuta, kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango umehamishwa. Wakampita mmoja mmoja. Alimaliza wa mwisho, akitembea.

Watu wangu, huo siyo mwisho.

Walipobandika matokeo ukutani, nilisogea kusoma, maana ndiyo tabia yangu. Wa tatu, binti aliyechukuliwa na kituo, alitumia dakika mbili na sekunde kumi na nne.

Kumi na nne.

Mpwa wangu alikuwa na kumi na mbili tangu mwezi wa kwanza, kwenye uwanja mzima, kabla bomba halijapita. Angekimbia mwendo wake wa zamani, angechukuliwa. Sikuhitaji kumficha kitu. Kumficha ndiko kulikomwangusha.

Nilimwambia baada ya wiki mbili, dada yangu akiwepo, daftari likiwa mezani. Nilieleza yote, pete, vigingi, mlango uliofungwa. Dada yangu alinyanyuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Sindano alilivuta daftari, akasoma tarehe.

"Ulijua siku tatu kabla," akasema.

"Ndiyo."

"Ningekimbia tofauti, Mjomba."

Basi. Hilo hajalirudia mpaka leo. Chuoni nafasi yake ilishapewa mwingine. Siku hizi anauza vocha karibu na kituo cha mabasi, na nikipita ananiamkia vizuri kabisa. Afadhali angenitukana.

Uwanja niliupima upya, kwa futikamba ya kuazima. Lakini kwenye ukuta wa ofisi kuna ubao wa rekodi, na juu yake imeandikwa kwa rangi ya dhahabu: mita mia nane wasichana, dakika mbili na sekunde nane. Nilimwomba mkuu wa shule aufute. Akasema wageni wameshaupiga picha.

Kila mwaka wanakuja wasichana wapya, wenye mbio za kweli, wanaikimbiza ile nane. Hawaifikii. Wanajiona wazembe, wanaacha. Mimi nawachorea mistari.

Ninachowaomba ni hiki. Ukikosea kipimo cha mtu, mwambie akiwa bado hajaanza kukimbia. Usimhurumie kwa kunyamaza. Ukweli wangu ulichelewa wiki mbili, na kufikia hapo haukuwa na kazi tena.