Achari Isiyoona Jua

Ijumaa ya pili ya mwezi Machi mwaka huu mama yangu alizikwa Tanga, na mimi nilikuwa Guangzhou, China. Kwetu maiti hacheleweshwi kwa ajili ya ndege. Mtoto wa kike humwosha mama yake. Mimi sikumwosha, waliomwosha ni shangazi na majirani. Nilikaa kitandani nimeshika simu, na kuta za chumba zilikuwa zikitoka maji, kama zinavyotoka kila Machi katika mji huu. Ile harufu ya unyevunyevu ikanirudisha kwenye masika fulani ambayo sipendi kuyasimulia, kwa sababu yananiudhi hadi leo.

Nilikuwa na miaka tisa. Tuliishi Kangle, mtaa wa mji huuhuu, kwenye vichochoro vya mafundi cherehani, juu ya karakana ambayo pasi zake za mvuke zilipuliza tangu asubuhi. Baba alisafirisha nguo na Mama alipika. Wafanyabiashara wa kwetu waliokuja kukagua oda zao walipanda ngazi kula pilau chumbani mwetu, viatu mlangoni, mabegi ya sampuli yameegemezwa ukutani. Mama alikuwa hajawahi kuwa na jiko lake mwenyewe. Tanga alipikia chini ya macho ya mama mkwe. Lakini wateja walikuwa wa kubahatisha, na siku moja Baba akasema, "Mama Zuhura, mpaka mwisho wa Aprili. Jiko lisiposhika, wewe na mtoto mrudi nyumbani." Mama aliendelea kuchambua mchele. Hakusema kwamba hataki kurudi. Mimi nilijua hataki, kwa sababu tangu siku ile aliacha kuimba.

Tumaini lake lilikuwa Ami Haji, mnunuzi wa jinzi kutoka Unguja, mtu wa maneno mengi. Kila Aprili, wakati wa maonyesho ya biashara, alikuja na kundi zima, na wote walikula pale alipokula yeye. "Mama Zuhura," alisema akiisukuma sahani, "pilau lako halina neno. Lakini pilau bila achari ni bwana harusi amekuja na fulana! Nipe achari ya nyumbani, nami nikuletee watu wangu wote."

Embe mbichi hatukuzipata. Muuza mboga mmoja, Bi Liu, akatufunulia pipa la plastiki la buluu. Ndani mlikuwa na vitunguu vidogo vyeupe, virefu kidogo, vimekatwa ncha zote mbili, vimelala kwenye maji ya chumvi. Viwanda huvilaza hivyo kwa miezi, kisha huviuza Japani, ambako huitwa rakyo. Huko hutolewa chumvi, hutiwa siki na sukari, vikaliwa na wali wa mchuzi au vikakatwakatwa kwenye sosi za viwandani. Vilivyokuwa vidogo mno kwa Wajapani ndivyo vilivyomfikia Bi Liu. Mama alitafuna kimoja nikasikia kinavyolia mdomoni mwake. Chumvi ilimfumba macho. "Hiki ndicho," akasema, na akacheka.

Bi Liu alieleza namna yake. Kichina changu nilikiokota kwa watoto wa kichochoro, lakini kilitosha: loweka, badilisha maji mpaka chumvi itoke, chuja, tia kwenye siki siku hiyohiyo. Nilimfasiria Mama yote. "Muulize anavianika lini," akasema. Nikauliza. Bi Liu akapunga mkono, "Bu yao, bu yao!", haitakiwi, akanyoosha kidole kwenye mbingu ya kijivu akiangua kicheko. Mama akajaza ndoo mbili. "Achari isiyoona jua si achari," alisema tukipanda ngazi. "Yeye ajue ya kwao."

Vya ndoo ya kwanza tulivilowesha bafuni, tukawa tunaoga kando yake. Nilivila kwa kuiba vilipokwisha kupoa chumvi, vitamu, vinavunjika kama barafu. Kisha Mama akavipandisha darini, kwenye paa la wazi, akavitandaza kwenye sinia katikati ya vitambaa vya mafundi ambavyo navyo havikukauka. Jua halikutoka. Manyunyu yakija tunashusha, yakikoma tunapandisha. "Mama, tia siki tu." "Nyamaza. Kesho litatoka." Vitunguu vikaanza kuteleza, vikaota ukungu. Alivisafisha kimoja kimoja kwa kitambaa, akavikaangia haradali, pilipili na manjano, akamwaga siki juu yake.

Ami Haji alikuja na watu wake, mkeka ukajaa. Aliokota kitunguu kimoja kwa vidole. Ute ukafuata, ukarefuka. "Mama Zuhura, hii achari au kamasi?" Mwingine akadakia, "Msamehe, Ami, mpishi ana mafua!" Walicheka mpaka wakapaliwa. Mama naye alicheka, akaliondoa bakuli. Pilau walilimaliza, wakashukuru, na baada ya siku ile hawakupanda tena ngazi zetu.

Nilimwambia ndoo ya pili bado nzima kwenye maji yake ya chumvi, tuiloweshe, tuitie siki, tuwaite tena. Aliibeba mwenyewe akaimwaga chooni, vitunguu vikagonga sakafu kama shanga. Aprili ilipokwisha Baba alileta tiketi. Mama alifunga mizigo bila neno hata moja.

Leo nafuata jinzi Xintang, mji wa viwanda vya jinzi hapa jirani, mimi mwenyewe. Chumba ninachopanga kina mashine ya kunyonya unyevu hewani, na vitunguu vilevile navinunua dukani chini vikiwa kwenye pakiti, vimetiwa siki tayari. Havijaona jua na ni vizuri. Hilo ndilo linalonichoma. Lilikuwa jambo jepesi hivyo. Mwaka jana nilimwomba Mama aje anitembelee, akaniuliza, "Nije nifanye nini huko?"

Jioni ile ya mazishi, watu walipotawanyika, Baba alinipigia. Aliuliza kama nimekula. Kisha akasema, "Mama yako hakutaka kurudi huku Tanga, unajua?"

"Najua, Baba."

"Mimi pia sikutaka mwondoke. Nilikuwa nangoja aniambie hataki. Angesema neno moja tu, ningezirudisha zile tiketi."

Nikamuuliza kwa nini yeye hakusema. Nilisikia watu wakipanga viti nyuma yake. Akasema simu yake inaishiwa chaji, akakata.