Urbanus na Watu wa Ncha

Urbanus Makau alinisimamisha nikiwa na birika mkononi akaniuliza kama mtu mwenye pembe anaweza kuvaa sweta.

Nauza chai na mandazi mlangoni mwa karakana yao pale Mashimoni, Kibera, huu mwaka wa kumi na moja, na mafundi wa pembe wamekwisha kuniuliza mengi: kama mandazi ni ya leo, kama nimeona tupa ya fulani. La sweta lilikuwa jipya. Nilimwambia anipishe, nina watu wanangoja. Halafu nikabaki pale pale nikifikiria, maana kweli, ataipitishia wapi?

"Ya vifungo," nikamwambia. "Ile ya kufunguka mbele."

"Hata mimi nimeona hivyo, Mama Billy," akasema, akaandika kwenye kipande cha boksi.

Huyu ni mtu wa Machakos, anakaa Gatina, na kila asubuhi anatembea mpaka Kibera akiwa amefunga shati vifungo vyote hadi shingoni. Kwa miaka ishirini na sita amefanya kazi ya pembe za ng'ombe zinazotoka machinjioni. Unazichemsha mpaka zilegee, unazibana ziwe bapa, unakata, unapiga tupa, unapiga msasa, unang'arisha. Karakana nzima inanuka nywele zilizoungua. Harufu hiyo inanifukuzia wateja wa njiani, lakini mafundi wenyewe inawaletea kiu, kwa hiyo silalamiki sana.

Katika miaka yote hiyo Urbanus hakuwahi kutengeneza kitu kilichotoka kichwani mwake. Msimwone mvivu. Pale ndani kuna nguzo, na kwenye nguzo kuna msumari. Fundi akibuni kitu kipya, hereni au kijiko au twiga, anakitundika kwenye msumari, na kuanzia hapo ni cha wote. Mwenye kutaka anaishusha ile sampuli, anaiweka mezani, anaiga, na jioni anairudisha. Ndivyo wanavyoishi. Mmoja akipata wazo, kumi wanakula. Urbanus alikuwa mwigaji hodari kuliko wote. Ukimpa sampuli, ya kwake inatoka nzuri kuliko ile aliyopewa. Lakini kutundika kitu chake, hata siku moja.

Ndipo akaja Daisy, msichana anayetengeneza michezo ya mezani, ile ya kete na vibao. Alitaka sanamu kumi na mbili, kila moja urefu wa kidole.

"Nataka jamii ya spirits, mzee. Wako na pembe, lakini si devil. Ni watu tu, wako na life yao."

"Sample iko wapi?"

"Hakuna sample. Wewe ndiye utatuambia wanakaa aje. Na kwa boksi tutaandika jina lako, Urbanus Makau, ndiye aliwatengeneza."

Alipoondoka, Urbanus alikaa mbele ya chai yangu mpaka ikafanya utando. Jina lake, limechapwa kwenye boksi. Aliniambia baadaye kwamba usiku ule hakulala, alikuwa akilisoma.

Kumbe mtu aliyeiga maisha yake yote hawezi kuchonga kitu asichokijua, na ili kuwajua hao viumbe alikuwa hana budi kuuliza. Akauliza kila mtu. Mimi nami nilishikwa, maana mimi si mtu wa kukaa na swali mdomoni. Tukawaita Watu wa Ncha, kwa kuwa alikuwa akiwachonga kutoka ncha ya pembe, pale ambapo haina tundu. Saa nne na saa kumi, chai ikishamiminwa, tulikuwa tunawatafutia desturi.

Mimi niliuliza wanabebaje maji. Kichwani haiwezekani. Akafikiria siku mbili, akasema wanatundika mtungi kila pembe, kwa hiyo shingo zinawauma, kwa hiyo mtu anayeheshimiwa kupita wote kwao ni anayejua kukanda shingo. Hakuna mfalme, kuna mkandaji. Nilicheka mpaka nikamwaga chai.

Nikauliza wanapishanaje kwenye vichochoro kama vyetu. Hilo alilijibu papo hapo: mwenye pembe ndefu ndiye anayeinama kwanza.

"Mkubwa ainamie mdogo?"

"Ndiye anaweza kumtoboa mwenzake jicho, Mama Billy. Wa pembe fupi atainamia nini?"

Nilishinda na jibu hilo siku nzima. Nilikuwa namwona mwenye nyumba wangu akija kichochoroni na tumbo lake, nikimwekea pembe, nikimwinamisha.

Mfiwa kwao hufunga uzi wa nguo ya marehemu kwenye pembe ya kushoto, na hakuna ruhusa ya kuufungua. Unakaa mpaka ukatike wenyewe. Akifiwa tena, anaongeza mwingine. Sanamu ya kwanza aliyoimaliza ilikuwa ya bibi mzee aliyeinama, pembe ndefu, nyuzi tatu kwenye ile ya kushoto. Sikumuuliza nyuzi ni za nani. Najua mkewe alikufa lini.

Sasa nifike pale panaponiudhi.

Alhamisi moja alimweka bibi mbele yake mezani, akaanza kumchonga wa pili akimwangalia yeye. Yaani bibi alikuwa ndiye sampuli. Jioni ikafika, Urbanus akapangusa tupa zake, akainuka, akamshika bibi, akamtundika kwenye msumari. Miaka ishirini na sita kitu kilichokaa mbele yake mezani kilikuwa cha kurudishwa pale, na mkono ukafanya ulichozoea. Kisha akachukua koti akaenda zake Machakos kwenye matanga, siku nne.

Mimi nilimwona bibi pale juu. Nilikuwa nakusanya vikombe. Nikasema moyoni, kweli huyu mtu ana roho safi, amewapa wenzake. Nikaenda nyumbani kupika. Ningeweza kupiga simu. Sikupiga.

Aliporudi Jumanne kila meza ilikuwa na bibi wake. Obiero, kijana wa Kisumu Ndogo ambaye meza yake inapakana na ya Urbanus, alimpokea kwa kelele.

"Mzee! Umetoa kitu! Wanunuzi wamebeba zote, wanataka zingine. Hata nimekuwa nikiwaambia hizo story za shingo."

"Mbwa wewe!" nikamwambia Obiero. "Hiyo ilikuwa ya boksi!"

Obiero aliweka tupa mezani. Hakuwa mwizi, nakubali sasa, ingawa siku ile ningempiga na mwiko. "Si ilikuwa kwa msumari?" akauliza.

Tukamgeukia Urbanus sote. Angesema neno moja tu, wangeacha. Lakini binti yake Ngina amesoma kwa vijiko vya watu na twiga wa watu, vyote vikiwa vimeshushwa kwenye msumari ule ule.

"Ilikuwa kwa msumari," akasema, akaketi, akavaa barakoa yake ya vumbi.

Daisy alikuja wiki ya pili. Alikuwa amemwona bibi shingoni mwa rafiki yake, ametobolewa tundu, amekuwa kidani. Hakugombana. Alisema, "Mzee, nikiandika jina lako sasa, watu watasema wewe ndiye umeiba." Akaomba msamaha mara tatu, akaenda. Urbanus akamalizia chai yake. Nilitaka alie, au atukane, nipate la kumsaidia, hakunipa.

Mwezi ulipopita alikuwa anapeleka bangili kwa mfanyabiashara wake kwenye soko la vinyago mjini, nikamfuata, nikisema natafuta vikombe. Uongo. Nilitaka kuona Watu wa Ncha wamefika wapi.

Walikuwa wamefika kila mahali. Kwenye meza moja walijaa kama thelathini, vijana, watoto, mmoja amebeba mtungi kila pembe. Mwenye meza, mwanamume wa makamo ambaye hatukuwahi kumwona, alikuwa akimweleza mteja.

"Hawa ni watu wa zamani, kabla hata ya babu zetu. Mume na mke hawawezi kukaa wakitazamana, pembe zitashikana. Wanakaa mgongo kwa mgongo. Kwa hivyo kila jioni huyu lazima amwambie mwenzake ameona nini upande wake. Wasipoambiana, kila mmoja anabaki na nusu ya dunia."

Sisi hatukuwa tumesema hivyo. Hakuna siku tulisema hivyo. Nikamtazama Urbanus, na macho yake yalikuwa yameng'aa, yametoka, kama ya mtu aliyeletewa habari za nyumbani. Mimi nikafungua mdomo nimwambie yule mtu kwamba babu zake hawahusiki, mwenye watu hawa ni huyu hapa aliyefunga shati mpaka shingoni. Urbanus akanishika mkono, akanibana kweli.

Akasogea mezani.

"Na wakipata mtoto," akauliza, "mtoto anakaa upande gani?"

Mwenye meza akakuna kidevu. Akawapanga wawili mgongo kwa mgongo, akachukua kadogo, akakaweka huku, akakatoa, akakaweka kule.

"Hiyo sijui, mzee," akasema. "Hiyo labda uulize wenyewe walioanzisha."

"Sawa," akasema Urbanus. "Nitawauliza."