Nyuma kwa Sura Mbili

Wanafunzi walimwita Mwalimu Ehe, maana mtoto akikosa hesabu hakumwambia amekosa. Alisema, "Ehe, ulifikaje hapo?" kisha akamsikiliza hadi mwisho. Mara nyingi mtoto aligundua mwenyewe alipoteleza kabla hajamaliza kueleza.

Hakuwa mtu wa kutulia. Alifundisha huku akizunguka, vumbi la chaki limempanda hadi viwikoni. Hata nyumbani mumewe alimwambia, "Mama watoto, keti basi, unatuzungusha vichwa."

Muhula wa pili alikwama kwenye hesabu za sehemu. Watoto kumi na mmoja hawakuelewa kwa nini theluthi ni ndogo kuliko nusu, wakati tatu ni kubwa kuliko mbili, naye akagoma kuwaacha nyuma. Wiki ya tatu akaja mkaguzi, akakaa nyuma ya darasa. Siku hiyo msichana mmoja, ambaye tangu mwaka uanze hakuwahi kufumbua kinywa, alikwenda ubaoni. Akachora, akafuta, akachora tena. Mwishowe akawageukia wenzake: "Kumbe mkigawana wengi, kila mtu anapata kidogo!"

Darasa likalipuka kwa makofi. Mkaguzi akatazama saa yake, akaandika: mwalimu yuko nyuma kwa sura mbili.

Mwalimu mkuu alimwita. Alikuwa mtu mwema, ila mwoga.

"Mwalimu wangu, nakuhamishia ofisini. Utajaza taarifa tu. Huko hakuna atakayekugusa."

"Na watoto wangu?"

"Watapata mwingine. Anayekwenda na ratiba."

Alikaa na mafaili wiki sita. Kila aliposikia kelele za darasa lake ng'ambo ya ukuta, miguu ilimwasha. Asubuhi moja alijikuta dirishani kwao, hajui alifikaje. Mwalimu mpya alikuwa akisoma sura ya tisa, nao wananakili. Yule msichana naye alinakili, kichwa kimeinama, kimya.

Barua ya kuacha kazi aliiandika akiwa amesimama.

"Unakwenda wapi?" mwalimu mkuu akauliza.

"Kiwanda cha sabuni. Wanataka mtu wa vipimo."

"Na kipaji chote hicho?"

"Ndicho kinachoniuma, mkuu. Ningekuwa sijui kufundisha, ningekaa."

Kiwandani wanamsifu, hakosei kipimo. Lakini ikifika saa nne, shule zinapokwenda mapumziko, hutoka nje akauzunguka ukuta wa kiwanda mara mbili, mara tatu, mikono nyuma. Wenzake wanadhani anafanya mazoezi.